Meza ya Mninga na Kiwiko cha Mhasibu

Meza yetu ya kulia chakula ni ya mninga. Niliiagiza kwa fundi wa Keko kwa fedha za mchezo wa akina mama, zamu yangu ilipofika, na tangu iliposhushwa kwenye kirikuu kila mtu humu ndani anajua sheria zake. Kikombe cha moto hakikai juu yake bila kitambaa, nyanya hazikatiwi hapo, na mtoto hapandi. Baba watoto naye alizishika sheria hizo vizuri tu, mpaka ofisi yao ilipotangaza bonanza.

Bonanza la mwaka uliotangulia lilimwacha na kinyongo. Kwenye mpira wa meza alitolewa mapema na mhasibu wa ofisi yao, bwana mmoja mwembamba, mpole, anayecheza na kalamu mfukoni mwa shati. Baba watoto hupiga mpira kwa hasira. Mhasibu hapigi, anauweka. Ukijipanga kulia anauweka kushoto. Ukikimbilia kushoto unakuta kauangusha karibu na wavu, na wewe uko nyuma huko unahema. Walioshuhudia wanasema mhasibu hakutoka jasho, na kalamu haikuanguka.

"Safari hii sipigi nguvu," baba watoto alitangaza tukiwa tunakula. "Safari hii naweka."

Mama mkwe, ambaye alikuwa amekuja kutoka Tanga kututembelea na bado anatutembelea, aliuliza anaweka nini.

"Mpira, mama. Mahali pake."

Mama mkwe akatazama viatu vya mwanawe katikati ya sebule, soksi moja juu ya redio na funguo za gari ndani ya bakuli la sukari. Hakusema kitu. Akaendelea na samaki wake.

Ikabainika kwamba usiku, wakati mimi nadhani anafuatilia habari, mume wangu alikuwa akitazama mechi za zamani za Jan-Ove Waldner, Mswidi aliyetwaa dhahabu ya Olimpiki kule Barcelona mwaka 1992. Huyo ndiye aliyempa matumaini. Mwaka 2004 katika Olimpiki ya Athens, Waldner akiwa na miaka 38, aliwatoa Ma Lin wa China na Timo Boll wa Ujerumani, vijana waliokuwa wakitetemesha dunia, akafika nusu fainali. Hakuwashinda kwa misuli. Aliwazungusha.

"Miaka 38!" baba watoto akasema, akijipiga kifua.

"Alikuwa na kitambi?" mama mkwe akauliza.

Kesho yake jioni nilirudi kazini nikakuta kitambaa cha plastiki cha mezani kimekunjwa na kusimamishwa nyuma ya mlango, na binti yetu ameshika rula ya shule kando ya mguu wa meza yangu. Walikuwa wanapima. Meza halali ya mchezo huo ina urefu wa mita 2.74 na upana wa mita 1.525, na inasimama sentimita 76 kutoka sakafuni. Yetu ilifika mita 1.8 kwa 0.9. Kilicholingana ni kimo peke yake, na baba watoto alikifurahia kama mtu aliyeshinda kesi.

"Ndogo ndiyo nzuri," alinielimisha. "Anayelenga kwenye ndogo, kubwa itamshinda?"

Kisha wakajaribu mdundo. Kwa sheria, mpira ukiuachia kutoka sentimita 30 unatakiwa kuruka kama sentimita 23. Juu ya kile kitambaa cha plastiki ulikuwa ukidunda kwa uvivu na kulala. Juu ya mninga mtupu wenye vanishi ukaruka vizuri, na rula ikathibitisha. Sikujua kama nijivunie fundi wangu au nilie.

Ikabaki habari ya wavu. Wavu wa mchezo huu una kimo cha sentimita 15.25, na nyumba yetu haikuwa na kitu cha namna hiyo. Kilichokuwepo ni kanga ya mama mkwe, mpya, imeanikwa nje. Baba watoto aliikunja mpaka ikafika kipimo, akaifunga kati ya chupa mbili za chai, na kwa jinsi alivyoikunja, maandishi yake yakabaki nje, yakimtazama yeye: MTAKA CHA MVUNGUNI SHARTI AINAME.

Aliinama sana jioni ile. Mpira mmoja ulikwenda chini ya kochi, mwingine nyuma ya friji, wa tatu kwenye kabati la vyombo ambako ulipita katikati ya glasi za harusi bila kuvunja hata moja, na hilo likampa moyo mbaya. Mmoja ulitoka dirishani ukaingia uani kwa jirani. Tulipokwenda kuuomba tulikuta tetea wake ameuatamia pamoja na mayai yake, na jirani akakataa katakata kumsumbua kuku mpaka atotoe.

Mama mkwe alipotoka kuswali magharibi ndipo alipoiona.

"Hiyo si kanga yangu?"

"Ni wavu, mama. Kwa muda tu."

"Asubuhi ilikuwa kanga. Kwa hiyo kesho nikipata msiba nivae wavu?"

Lakini hakuifungua. Alivuta kiti akaketi, na kuanzia siku ile akawa anaangalia mazoezi kila jioni, tasbihi mkononi.

Nitakuwa mwongo nikisema mazoezi yenyewe hayakuwa na akili. Baba watoto alikuwa ameusomea mchezo. Alimweleza binti kwamba anayeanza kulenga aanze kwa kupiga pembe kwa pembe, kwa sababu njia hiyo ni ndefu. Kwenye meza halali ukinyoosha unapata zile mita 2.74, lakini pembe kwa pembe ni kama mita 3.14, na hizo sentimita 40 za ziada ndizo zinazomwokoa asiye na shabaha. Akamweleza kwamba kuna mpira wa kina na mpira wa kifupi. Wa kina unatua karibu na ukingo wa mwisho na kumsukuma mwenzako nyuma. Wa kifupi, ambao ukiachwa utadunda mara mbili juu ya meza, unamlazimisha aingize mkono juu ya ubao, na meza yenyewe inamnyima nafasi ya kuvuta raketi apige kwa nguvu.

Kisha akaja kwenye siri kuu, na sauti akaishusha kana kwamba mhasibu yuko jikoni.

"Kiwiko."

Mchezaji ana pande mbili za kupigia: upande wa kiganja na upande wa mgongo wa mkono. Mpira ukija mbali kulia anajua atumie upi. Ukija mbali kushoto anajua vilevile. Lakini ukija usawa wa kiwiko cha mkono ulioshika raketi, upande wowote atakaoutaka, mwili wake mwenyewe unamzuia. Lazima kwanza asogee, na kabla hajasogea lazima aamue. Kwenye mchezo wa kasi hiyo, anayesita amekwisha.

Basi akachukua maka pen, ile isiyofutika, akachora juu ya mninga wangu miraba sita upande wa pili wa kanga: mitatu karibu na wavu, mitatu mwisho wa meza. Akaipa namba. Ndani ya namba tano, mwisho wa meza katikati, akaandika kwa herufi kubwa: KIWIKO.

Nilipouliza kwa nini hakutumia karatasi, alisema karatasi hupeperuka. Nilizima feni. Alisema joto.

Watoto ndio walioonja neema. Ili kuongeza ushindani, baba yao aliweka sarafu ya shilingi 200 ndani ya kila mraba, akasema atakayeigusa kwa mpira ni yake. Alisahau jambo moja: yeye alijifunza mchezo huu sekondari, bwenini, enzi za mpira wa milimita 38 na seti za pointi 21. Mwaka 2000 mpira ukanenepeshwa kufika milimita 40 ili upunguze mwendo, mwaka uliofuata pointi zikashushwa hadi 11, na kuanzia 2014 mipira ya plastiki ikaanza kuchukua nafasi ya ile ya seluloidi. Mkono wake ulikuwa bado unacheza na ule mpira wa zamani, mwepesi wa kukimbia. Binti yetu hakuwa na zamani yoyote ya kusahau. Alikuwa anausukuma taratibu, raketi imeelekea anakotaka mpira uende, na sarafu zikawa zinahamia mfukoni mwake. Mdogo wake wa darasa la pili hakupata kitu, ila alikuwa na bidii, na bidii ya mtoto yule ndiyo iliyotufikisha tulikofika.

Baba watoto aliipata namba moja, akaipata tatu, akaipata sita mpaka akaichoka. Namba tano ilimkataa. Mpira ulitua pembeni yake au ukapita moja kwa moja hadi kwenye pazia.

Mama mkwe alivumilia, halafu jioni moja akaacha kuvuta tasbihi.

"Mwanangu, huyo mhasibu wako amechorwa mezani?"

"Hapana, mama. Hapo ndipo kiwiko chake kinapokuwa."

"Kinapokuwa akiwa amesimama. Akisogea?"

Baba watoto alikaa kimya.

"Kiwiko si cha meza," mama mkwe akasema. "Ni cha mtu." Akainuka kwenda kulala.

Hapo ilikuwa imekaribia siku ya wageni. Wifi yangu, kitinda mimba wa mama mkwe, alikuwa ameletewa posa, na kwa kuwa mama yuko kwetu, washenga wakaelekezwa kwetu. Walikuwa waje na neno la mwisho: mzee mmoja wa makamo, mshenga mzoefu, pamoja na shangazi wa bwana harusi. Mambo mengi yalikwisha kubaliwa. Lililobaki ni moja, nalo kila likiguswa lilikuwa linateleza. Binti akishaolewa ataishi wapi? Mama mkwe alikuwa na wasiwasi kwamba mwanawe atapelekwa kuishi kwa mama wa kijana. Akiuliza, mshenga hujibu kwamba nyumba ni moyo, kwamba riziki ni ya Mungu, kwamba vijana wa leo wanajipanga. Majibu mazuri, na hakuna hata moja lililotaja mtaa.

Siku yenyewe nilipika pilau ya nyama. Tuliambiwa shangazi anasumbuliwa na gauti na haigusi nyama nyekundu, kwa hiyo nikamtengenezea mchuzi wa mayai, nazi nzito, bizari ya kutosha, mayai ya kienyeji yale madogo. Juu ya miraba sita ya maka pen nikatandika kitambaa cheupe cha kufuma. Bakuli la mchuzi nikaliweka katikati, upande wa wageni, bila kifuniko ili lipoe. Tukaingia vyumbani kuvaa.

Niliyoyapata baadaye kwa kumhoji shahidi ni haya. Mwanangu wa darasa la pili alibaki sebuleni peke yake na raketi na mpira mmoja. Alijua kwa kichwa namba tano iko wapi, hata chini ya kitambaa. Akalenga, akasukuma. Mpira haukuruka wala kutoka dirishani. Akauangalia chini ya kochi, akauangalia nyuma ya friji, akakata shauri kwamba umepotea kama ile mingine, akaenda kunawa. Bakuli la mchuzi lilikuwa juu ya namba tano. Mtoto yule ndiye mtu wa kwanza wa nyumba hii kuupata mraba ule, na hakuna aliyempa sarafu.

Wageni wakapiga hodi, wakakaribishwa, wakaketi. Salamu zikazunguka, za Tanga na za Dar es Salaam, za wazima na wagonjwa. Mzee mshenga alikuwa ndani ya kanzu nyeupe iliyopigwa pasi ikasimama yenyewe. Chakula kikaombewa. Mama mkwe akarusha swali lake la makazi mara moja, juujuu tu, na mshenga akalijibu kwa hadithi ndefu juu ya subira.

Shangazi akasogeza bakuli la mchuzi. Mayai yote yalikuwa yamezama hadi shingoni, ila moja lilikuwa linaelea juu kabisa, dogo, la mviringo, manjano kwa bizari. Kwa adabu akasema yeye hula kidogo, akajichotea hilo.

Alilibana kwa kijiko. Likateleza. Akalibana tena kwa nguvu ya mtu ambaye yai halijawahi kumshinda, nalo likachomoka.

Mpira wa meza una uzito wa gramu 2.7, na uliochovywa kwenye tui la nazi hauna breki. Uliruka kutoka sahani ya shangazi, ukadunda mbele ya sinia la pilau ukiacha alama ya manjano juu ya kitambaa cheupe, ukamwelekea baba watoto aliyekuwa ameinua glasi ya maji kwa mkono wa kushoto. Mtu mwingine angekwepa. Yeye alikuwa ametoka kwenye mazoezi. Mkono wa kulia ukanyooka wenyewe, kiganja wazi, akaurudisha.

Aliurudisha kwa upole, bila nguvu hata chembe, kwa namna ambayo hakuwahi kuiweza jioni zote zile. Ukavuka chupa ya soda, ukadunda mara moja, ukampata mzee mshenga kwenye kiwiko cha kulia. Mzee alikuwa ameushika mkono huo nusu njia kuelekea kinywani, na niliona kwa macho yangu jinsi alivyotaka kwenda huku, akataka kwenda kule, asiende kokote. Kanzu ikapata mviringo wa manjano.

"Umeona!" baba watoto akamwambia binti yake.

Sebule ilinyamaza. Shangazi alikuwa bado ameshika kijiko, anatazama mahali yai lake lilipokuwa. Mzee akauokota mpira mapajani, akauminya, akaunusa.

"Nyumba hii," akasema taratibu, "kuku wenu wanatagaje?"

Aliyeanza kucheka ni shangazi. Kisha mzee mwenyewe, kisha sisi tuliokuwa tunasubiri ruhusa. Mimi nikakimbilia maji na ndimu, baba watoto akawa anaomba radhi kwa Kiswahili cha ofisini, mzee anasema si kitu, si kitu, huku anasugua mkono wa kanzu. Katikati ya purukushani hiyo, mama mkwe, ambaye hakuwa amecheka wala kusogea, akaliweka swali lake.

"Kabla sijasahau, baba. Mwanangu atakaa kwa mama yake kijana, au kwake?"

"Kwake!" shangazi akasema, machozi ya kicheko yanamtoka. "Ana nyumba Chanika, imebaki madirisha tu."

Mshenga alimtazama shangazi kwa jicho la aliyechelewa. Neno lilikwisha tua.

"Alhamdulillahi," mama mkwe akasema. "Basi tarehe tutapanga madirisha yakishawekwa. Nani hajapata pilau?"

Ndoa ilifungwa, na madirisha yaliwekwa kwanza.

Bonanza nalo lilifika. Baba watoto aliondoka nyumbani na raketi mpya ya Kariakoo, nyekundu upande mmoja na nyeusi upande wa pili kama wafanyavyo wajuzi, na namba tano kichwani. Kule akaambiwa mhasibu amehamishiwa Dodoma. Mpinzani wake wa kwanza alikuwa msichana wa masijala, mgeni kazini, na msichana huyo anatumia mkono wa kushoto.

Kwa mtu wa mkono wa kushoto kila kitu kimegeuka. Upande wa kiganja uko pale ulipokuwa upande wa mgongo wa mkono, na kiwiko kiko upande wa pili wa kiwiliwili. Baba watoto aliweka mipira yake pale alipofundishwa na meza yangu, kwa ustadi ambao hata aliyemshinda aliusifu, na kila mpira ulipotua raketi ya msichana ilikuwa imeshafika, inangoja. Alitoka raundi ya kwanza.

Jioni mama mkwe alimpakulia mwenyewe.

"Kiwiko chake kilikuwa wapi?"

"Upande mwingine, mama."

"Na wewe ulikuwa unapiga wapi?"

Alikula bila kujibu, kisha akapeleka sahani yake jikoni, jambo ambalo sikuwa nimelizoea.

Fundi wa Keko alipiga msasa, akapaka vanishi upya. Maka pen ilikuwa imeingia kwenye mbao, na neno KIWIKO bado linasomeka ukiinamisha kichwa kuelekea dirishani. Kanga ilirudi kwa mwenyewe. Binti anacheza siku hizi kwenye ukumbi wenye meza halali, na nilipokwenda kumtazama niligundua kwamba kabla ya kusevu haangalii meza. Anamwangalia aliyesimama ng'ambo, raketi ameishika mkono gani na uzito kauegemeza mguu upi. Baba yake anasema amemfundisha yeye. Mama mkwe akisikia hivyo huvuta tasbihi.

Kwa msomaji anayetaka kujifunza kulenga, mazoezi ya mume wangu nayapitisha isipokuwa maka pen. Tandaza karatasi, anza pembe kwa pembe, punguza nguvu, na ukishaizoea karatasi iondoe, utafute mtu wa kusimama mbele yako, kwa maana shabaha inatembea naye. Na ukifanyia nyumbani, funika mchuzi.